Bei ya Ijumaa Asubuhi

Ungatea aliweka simu yake juu ya meza kabla Sajini Uaisele Lolohea hajamaliza chai yake ya Jumatatu. Kwenye kioo kulikuwa na picha aliyoihifadhi Jumamosi jioni, na ndani ya picha hiyo bei ya soko: dola moja ya Australia kwa pa'anga moja ya hapa na seniti hamsini na tano.

"Zidisha kwa elfu arobaini, Afande. Mimi nimeshazidisha, lakini nataka uone kwa macho yako."

Sajini alizidisha kwa penseli, polepole, akapata pa'anga elfu sitini na mbili. Akazidisha tena.

"Sasa kamuulize Pesalili kwa nini ametuletea hamsini na sita," alisema Ungatea. "Elfu sita haziogelei zenyewe."

Sajini alimtaka aeleze tangu mwanzo, naye akaeleza. Wanawake kumi na wawili wa kijiji cha Fangaloto walikuwa wamefanya katoanga, sherehe ya kubadilishana mali, na wenzao wanaoishi Sydney. Mwaka mzima walisuka mikeka na kuponda magome ya mti kuwa vitambaa vya ngatu, kila mmoja na mwenzake wa ng'ambo anayemtengenezea. Alhamisi wageni walipokea mikeka na ngatu wakicheza, na wenyeji wakapokea bahasha za dola wakilia. Zote pamoja zilikuwa dola elfu arobaini. Waliafikiana kwamba Pesalili Fonua, mwenyekiti wao, azibebe zote akazibadilishe mjini Neiafu kwa mkupuo, maana fedha nyingi, walivyosikia, hupewa bei nzuri. Alikwenda Ijumaa asubuhi. Ijumaa jioni aligawa pa'anga elfu hamsini na sita, kila mtu kwa kadiri yake, na hakuna aliyenung'unika. Kesho yake ndipo mgeni mmoja akafungua simu na kuiona bei ya soko.

Jumapili hakuna kituo cha polisi wala duka linalofanya kazi visiwani Vava'u, kwa hiyo malalamiko yalisubiri. Maneno hayakusubiri. Kufikia mwisho wa ibada kwaya nzima ilikuwa imeshajua kwamba mjane wa Fonua ni mwizi.

"Na kijana wake kanunua mashine ya boti Jumamosi," Ungatea aliongeza akiinuka. "Mpya. Bado ina karatasi yake ya plastiki. Mimi simsemi mtu, Afande. Nasema mashine tu."

Inspekta Havili, mkuu wa kituo, alikuwa amesikia yote akiwa mlangoni. Alisema wageni wa Sydney wanapanda ndege alasiri na hataki ushahidi upande nao. Kama kufikia mchana sajini hatakuwa na jina lingine, Pesalili atafikishwa kwa hakimu. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeagiza mkate.

Sajini alikaza ta'ovala yake kiunoni, mkeka wa kazini uliokwisha kulainika kwa miaka, akatoka.

Pesalili alimpokea barazani kwake. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, wa miaka hamsini na kitu, na mikono yake ilikuwa na madoa ya rangi ya kahawia ya ngatu. Hakuuliza kilichomleta. Sajini alitaka kujua alikozibadilisha fedha, naye akajibu: kwa Melenaite Veikune, dukani kwake gatini. Kwa nini si benki? Benki foleni ndefu na maswali mengi. Alipewa kiasi gani? Alipewa mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na kiasi gani?

"Elfu hamsini na sita. Nilihesabu hapa nyumbani."

"Na kule dukani?"

"Kule sikuhesabu."

Sajini aliliandika jibu hilo. Mwanamke anayebeba fedha za wenzake kumi na mmoja, zilizotoka jasho la mwaka, anapokea mfuko dirishani na kuondoka bila kuhesabu. Aliuliza kama alipewa risiti. Hakupewa. Aliuliza kama alirudi dukani baada ya kuhesabu nyumbani na kuona zilivyo. Hakurudi. Aliuliza kwa nini.

"Andika ulichosikia, Bwana Sajini," alisema Pesalili. "Mimi sina la kuongeza."

"Mama, mchana huu unaweza kuwa mbele ya hakimu."

"Najua."

Sajini alikuwa amewahoji wezi wengi. Wezi humwaga maneno. Huyu aliyabana, jambo ambalo lingeweza kuwa na maana mbili, na hakutaka kuchagua mojawapo mapema. Alimuuliza kuhusu mashine ya boti. Hapo tu ndipo mwanamke alipoonyesha hasira. Alisema mwanawe Folauhola amerudi majuzi kutoka kuchuma matunda Australia, ameinamia miti ya watu miezi tisa, na kama hana haki ya kununua mashine basi waseme ni nani mwenye haki.

Duka la mashine lilikuwa la Taniela Kaufana, mtu wa maneno mengi. Alithibitisha kwamba kijana alilipa taslimu. Sajini aliuliza kama ni pa'anga.

"Pa'anga wapi. Dola za Australia, elfu tatu na mia tisa. Nilimchukulia kwa seniti mia na thelathini."

"Soko ni mia na hamsini na tano, Taniela."

"Soko lije liuze mashine basi. Hapa ni duka, si benki."

Jibu hilo lilimrudisha sajini nyuma hatua moja. Kama kijana alilipa kwa dola, huenda mama yake alichomoa dola kadhaa kwenye bahasha kabla ya kwenda kuzibadilisha, akazipitishia mikononi mwa mwanawe. Hesabu ingelingana na upungufu kwa karibu sana. Alisimama nje ya duka akaipima. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua ni dola ngapi zilizofika gatini.

Duka la Melenaite Veikune lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo, kati ya muuza mikate na fundi wa matanga. Wenye mashua za kitalii walikuwa wateja wake wakubwa. Ubao mweusi ulining'inia pembeni, na kwenye mstari wa dola ya Australia palikuwa pameandikwa kwa chaki: kununua 148, kuuza 162. Mwenyewe alikuwa amevaa nadhifu, pete za dhahabu vidoleni, na alimkaribisha sajini ndani kwenye kiti.

Alikiri yote bila kusitasita. Ndiyo, Pesalili alikuja Ijumaa asubuhi, hata ubao ulikuwa haujafutwa vizuri. Ndiyo, alileta dola elfu arobaini kamili. Alizihesabu mwenyewe, noti baada ya noti.

"Ukampa ngapi?"

"Elfu sitini na mbili."

"Ubao wako hausemi hivyo."

"Ubao ni wa wazungu wa mashua." Melenaite alitabasamu. "Yule ni mke wa mjomba wangu, Afande. Marehemu Fonua ndiye kaka wa mama yangu. Ningekula faida kwa mke wa mjomba? Nilimpa bei ya soko, mia na hamsini na tano, sikubakiza hata seniti. Ndiyo maana hata risiti sikuandika. Mambo ya nyumbani hayaandikwi."

Akaongeza, kwa sauti ya huzuni, kwamba ujane ni kitu kibaya, unaweza kumbadilisha mtu, na kwamba yeye kwa upande wake hana kinyongo.

Sajini alimshukuru. Nje, karibu na muuza mikate, alipanga alichokipata. Ushahidi huo ulimfungua Pesalili kwa mkono mmoja na kumfunga kwa mwingine. Dola zote zilifika. Kwa hiyo dola za mashine ya boti zilikuwa za kijana mwenyewe, na njia hiyo ilikuwa imekufa. Lakini kama elfu sitini na mbili zilitoka dirishani na hamsini na sita zikafika kijijini, elfu sita zilipotea mikononi mwa mtu mmoja tu.

Kitu kingine alikuwa amekisikia mle ndani, na hicho hakikuwa cha hesabu. Mke wa mjomba wangu. Melenaite alikuwa mpwa wa Fonua, mtoto wa dada yake. Yaani kwa nyumba ile yeye ndiye fahu.

Sajini hakuhitaji kuelezwa. Fahu akiingia nyumbani kwa mjomba hubeba anachokitaka, na mwenye nyumba humsaidia kukifunga. Msibani hukaa upande wa kichwa cha maiti na mikeka mizuri huwekwa mbele yake. Mpwa wake mwenyewe sajini aliwahi kuondoka na cherehani huku mkewe akimfungulia mlango, na jioni wakala kimya. Fahu hapingwi wala haulizwi. Na mtu mwenye adabu, fahu akimkabidhi mfuko, hawezi kuufungua mbele yake na kuanza kuhesabu kama anayemshuku.

Hilo lilieleza kwa nini Pesalili hakuhesabu, na kwa nini hakurudi. Halikuthibitisha kwamba Melenaite amesema uongo. Mwizi pia anaweza kuwa na adabu.

Alikwenda benki. Karani, kijana mwenye miwani, alimweleza mambo mawili, na kila moja sajini alimwomba alirudie.

La kwanza ni kwamba bei ya soko, hiyo inayoonekana kwenye simu, hakuna anayeilipa dirishani. Ni katikati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Mwenye duka hununua chini yake na kuuza juu yake, na nafasi iliyo kati ndiyo chakula chake.

"Kwa hiyo anayempa mteja bei ya soko?"

"Anamlisha chakula chake mwenyewe, Afande. Inawezekana. Watu wanapendana. Mimi sijawahi kuona."

La pili sajini ndiye aliyeliuliza. Alitaka kujua kama bei ya soko ya Ijumaa ilikuwa moja siku nzima. Karani alitazama mashine yake kwa muda, kisha akasema hapana. Asubuhi dola ya Australia ilikuwa seniti 152. Alasiri zilikuja habari za riba kutoka Sydney, dola ikapanda, na jioni soko lilifungwa kwenye 155. Ikabaki hapo Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa siku hizo soko hulala.

Sajini alimwomba arudie saa ya kupanda. Karani akarudia. Kisha sajini akarudi kituoni, akamkuta Inspekta Havili ameshaitoa karatasi ya mashtaka. Alimwomba kitu kimoja: Pesalili na Ungatea waletwe gatini, wote wawili.

Alitangulia yeye. Melenaite alikuwa akipanga noti kwenye droo.

"Umesahau kitu, Afande?"

Sajini alisema kwamba yeye si mwepesi wa hesabu na angependa kusikia tena. Pesalili alikuja lini? Ijumaa, asubuhi. Na alipewa bei gani? Bei ya soko. Ngapi? Mia na hamsini na tano. Bei hiyo ilitoka wapi?

"Kwenye simu, kama watu wote wanavyopata."

"Ijumaa hiyohiyo asubuhi."

"Si nimekwambia?"

"Ijumaa asubuhi soko lilikuwa mia na hamsini na mbili," alisema sajini. "Hiyo mia na hamsini na tano haikuwepo. Si hapa, si Sydney, si popote. Ilifika jioni, mke wa mjomba wako ameshafika nyumbani na mfuko."

Melenaite aliendelea kupanga noti, lakini sasa alikuwa akiipanga noti ileile.

"Basi nimekosea namba."

"Umekosea kwa namba ileile ya Ungatea. Yeye aliiona Jumamosi jioni. Jana mliimba naye kwaya moja." Sajini alivuta kiti. "Sidhani kama ulimpa mtu elfu sitini na mbili. Nadhani ulisikia kanisani kwamba zinadaiwa elfu sitini na mbili, ukaona ni rahisi kusema ulizitoa. Ijumaa ubao wako ulikuwa ngapi?"

Melenaite aliutupia jicho ubao.

"Naweza kuwauliza wenye mashua."

"Mia na arobaini na sita."

"Kwa dola elfu arobaini hizo ni elfu hamsini na nane na mia nne. Mfukoni mlikuwa na hamsini na sita. Elfu mbili na mia nne ziko wapi?"

Melenaite alifunga droo. Alipomtazama tena, uso wake haukuwa wa mtu aliyenaswa. Alikaa wima kama anavyokaa msibani.

"Nilizichukua," alisema. "Andika. Halafu zunguka Vava'u nzima uulize kama fahu anaiba kwa mjomba wake. Nimechukua mikeka ya nyumba ile tangu nikiwa mdogo. Hakuna aliyewahi kuniitia polisi."

"Ungesema hivyo asubuhi. Ukasema mwizi ni yeye."

Melenaite alichezea pete yake. Kisha akasema kwamba kama kuna anayemshtaki, huyo mshtaki asimame mbele yake na kusema. Sajini si mtu wa nyumba ile. Pesalili ndiye. Aje aseme kwa mdomo wake kwamba fahu wake ni mwizi.

Melenaite alijua anachokisema. Pesalili alikuwa ameshafika, na alisimama nje ya mlango bila kuvuka kizingiti, macho yake chini. Nyuma yake Ungatea alikuwa na simu mkononi. Wote wawili walikuwa wamesikia maneno ya mwisho.

Sajini aliona kwamba akimuuliza mwanamke yule nani amechukua fedha, hatajibu, leo wala mbele ya hakimu. Angefungwa akiwa amenyamaza. Alifikiri kidogo, akauliza swali jingine.

"Mama Pesalili. Dola ulizobeba Ijumaa zilikuwa za nani?"

Pesalili alisugua madoa ya ngatu mikononi mwake.

"Zilikuwa za wanawake wa Fangaloto," alisema.

"Zako zilikuwemo?"

"Zangu kidogo. Hizo sizisemi. Nyingine zilikuwa za wenzangu." Akaendelea kwa sauti ya chini zaidi, akizungumza na sakafu. "Si za nyumba ya Fonua."

Hakumtaja mtu. Melenaite aliiachia pete yake. Fahu huchukua kwa mjomba. Kwa Ungatea na wenzake hakuwa na haki hata ya uzi mmoja wa mkeka, na mle chumbani hakuna ambaye hakulijua hilo.

"Ungesema, dada," Ungatea alimnong'oneza Pesalili. "Ungetuambia tu."

"Ningewaambiaje?"

Ungatea akageukia hesabu, ambako alikuwa na uhakika zaidi. Alisema hata elfu mbili na mia nne zikirudi, bado kunapungua elfu tatu na mia sita. Simu haidanganyi.

Sajini alimwomba asome ubao. Ungatea alisoma: kununua 148, kuuza 162. Sajini akamwomba atafute katikati yake. Ungatea alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza, kisha akatazama simu, akatazama ubao, akatazama simu tena.

"Mia na hamsini na tano," alisema taratibu. "Kumbe hii inakaa katikati ya watu wawili tu. Hainunui, haiuzi."

"Haijawahi kumlipa mtu."

"Na mimi nimeitangaza kanisa zima." Alizima kioo, akaiweka simu kifuani. Baadaye kidogo alisema kwamba wageni bado wako ukumbini wanafunga mizigo, na kwamba atakwenda kuwaambia mwenyewe kabla hawajapanda ndege. Akatoka haraka kabla hajabadilisha mawazo.

Melenaite alifungua droo, akahesabu pa'anga elfu mbili na mia nne mbele ya sajini, akazisukuma mezani. Sajini alimweleza kwamba maelezo yake ya asubuhi pamoja na ya sasa yatakwenda kwa hakimu, yote mawili, na hakimu ndiye atakayepima. Alikubali kwa kichwa, kama anayesikia habari za hali ya hewa. Kisha akazungumza kupitia bega la sajini, akimlenga mwanamke aliyesimama mlangoni.

"Mke wa mjomba. Yule nguruwe wako jike, mkubwa, mwenye doa jeupe. Jumamosi namtaka."

Sajini aligeuka. Alikuwa na kalamu mkononi, na kwa jambo hili hakuwa na mstari wa kuandika.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Pesalili aliinua uso.

"Huyo ni wangu," alisema. "Njoo na kamba."